Askari wa Udongo wa Mke Mwenzangu

Watu husema hasidi hana sababu. Mimi sababu nilikuwa nazo, tena tele, na ningepewa nafasi ningezianika juani kama mpunga, kila mpita njia azione. Ya kwanza ilikuwa mikono ya mke mwenzangu. Mikono midogo, vidole vyembamba, mikono ambayo sokoni usingeiachia hata kapu la mayai ikushikie. Mikono hiyo ndiyo iliyofinyanga jeshi la Mwingereza na jeshi la Mjerumani, kila askari na bunduki yake, kila askari na sura yake, wote hawazidi urefu wa kidole. Wakasimamishwa juu ya meza katika chumba cha makumbusho cha shule pale Korogwe, na watu wakawa wanatoka hata Handeni kuja kuwatazama. Mimi niliyemfundisha udongo nilifinyanga matope waliyoyakanyaga.

Nitaanza na udongo, maana ugomvi wetu haukuwa wa mwanamume. Wengi walidhani hivyo, na mume wetu mwenyewe alidhani hivyo, akajiona mtu wa maana sana kumbe hayumo.

Nilizaliwa Kwedizinga. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, na mama yake pia, na nilijua kukanda udongo kabla sijajua kusonga ugali. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, mwanamume hakaribii hata shimo udongo unapochimbwa. Nilipoolewa Korogwe na tarishi wa bomani, nilikwenda na gunzi langu la kusawazishia na kokoto langu la kusugulia, nikawa nachimba udongo kando ya mto. Vyungu vyangu vilijulikana. Manamba wa mashamba ya mkonge walivinunua, na akina mama waliposhuka milimani siku ya soko, walipanda navyo kichwani. Mtu akisema Korogwe "chungu cha mke wa tarishi", hakuna aliyeuliza tarishi yupi.

Kisha siku moja mume wangu akaniletea doti ya kanga, na haikuwa Idi. Mwanamume akikuletea kanga bila sikukuu, kaa chini umsikilize. Alikuwa amepanda Dindira kwa kazi za serikali, huko kwenye baridi na chai, akaona mtu. Basi yule mtu akaja, binti wa Kisambaa, hajazoea joto letu, anajipepea mchana kutwa na upindo wa kanga, ananiita dada kwa sauti ya chini. Sitaki kujisingizia. Siku ile sikuumia sana. Nilimwona kama mtoto niliyeletewa nimlee, na kwa kuwa hakuwa na kazi ya mikono aliyoijua ila kulima na kuchuma chai, nikamketisha penye kivuli nikamfundisha udongo.

Nilimfundisha yote. Kuuonja kwa ncha ya ulimi ili ujue una mchanga kiasi gani. Kuponda vigae vya vyungu vilivyokufa na kuvichanganya humo, ili kipya kisipasuke. Kuzungusha udongo kutoka chini kwenda juu bila kuuachia pumzi. Na nikamfundisha sharti la moto, kama mama alivyonifundisha mimi: siku ya kuchoma, mwenye kinyongo asikaribie. Kama una neno na mwenzako, litoe kwanza, au ondoka uende mbali, maana vyungu vinajua, na vitapasuka.

Mwanafunzi wangu hakuwa na mkono. Vyungu vyake vilikwenda upande, kimoja kinainamia mashariki, kingine kinatazama Tanga. Sababu ilikuwa moja. Nilipokuwa nikisimulia kitu, na mimi nikishika udongo lazima nisimulie, yeye alinitazama usoni badala ya kutazama kazi yake. Alitazama bila kupepesa, kama anakuhesabu kope. Nilikuwa nikimgombeza: tazama chungu, mimi sitoroki.

Siku nilipomfundisha kufinyanga chungu kidogo chenye masikio mawili, kile cha kufungia kamba, nikamwambia habari za baba yangu. Baba alichukuliwa Kwedizinga wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, akapewe mizigo abebe. Askari walifika asubuhi wakakusanya wanaume wenye shingo nzuri. Mama alikuwa na kaniki kuukuu, akaichana, akamsokotea ngata ya kichwani, kisha akamfunga kiunoni chungu kidogo chenye masikio ili apate kitu cha kupikia njiani. Mimi nilikuwa mgongoni mwa mama, sikumbuki kitu. Wenzake walioponyoka walisema mara ya mwisho walimwona Korogwe, karibu na daraja, siku risasi zilipokuwa zikipigwa kutoka ng'ambo zote mbili. Basi. Hakurudi, na hakuna kaburi. Mama husema nimefanana naye kama maji na maji.

Mwenzangu alinisikiliza mpaka mwisho, ananitazama tu, na chungu chake kikaanguka ubavu.

Sasa mwalimu akaja. Alikuwa mwalimu wa shule, kijana nadhifu, soksi zimevutwa mpaka magotini. Akaniamkia shikamoo, akasema Bwana Shauri, yule Mzungu mkubwa wa bomani, anataka, siku ya maonyesho, iwekwe meza kubwa inayoonyesha mapigano ya daraja la Korogwe, jinsi Mwingereza alivyolichukua kutoka kwa Mjerumani. Maonyesho yakiisha, meza itakaa shuleni katika chumba cha makumbusho, watoto wajifunze. Daraja atalitengeneza seremala. Lakini watu wanatakiwa wa udongo, wadogo, wengi, na ameambiwa hapa ndipo kwa mfinyanzi.

Nilijifunga kanga vizuri. Daraja lile lile. Nikamtolea mitungi, vyungu, vifuniko, akavisifu kimoja kimoja, na mimi nikawa tayari nimeshachagua moyoni udongo nitakaoutumia. Kisha macho yake yakaenda ukutani barazani, mahali mwenzangu alipokuwa ameanika vitu alivyowafinyangia watoto wa jirani. Akakiokota kimoja. Kilikuwa kisanamu cha mwanamume mnene, kaptula imembana, kifua mbele, na kidude cha mviringo kifuani.

"Huyu si tarishi?" mwalimu akasema.

Alikuwa yeye. Alikuwa mume wetu hasa, na beji yake, na kile kidevu anachokiinua akipita mbele ya watu. Mume wetu alipotoka ndani kuona kinachochekwa, alijitazama kiganjani mwa mwalimu akacheka mpaka akajifuta machozi. Miaka yote niliyokuwa naye hajawahi kukichekea chungu changu, wala kukililia. Alikula humo tu.

Lazima niseme kwa nini mimi sikuwa nimewahi kufinyanga mtu. Kwetu mtu wa udongo hafinyangwi ovyo. Wanafinyanga wazee wa kike, wanapomfunda mwali ndani, kila sanamu ina somo lake, na mwali akishalijua, sanamu inarudishwa majini ikayeyuke. Na haichomwi. Chungu kinachomwa, mtu hachomwi. Mwenzangu hayo hakuyajua, au aliyajua hakuyajali, maana alikulia misheni kabla ya kusilimu na kuolewa, na huko hawakumfunda.

Hata hivyo nilijaribu. Wewe ungekubali? Nilikaa mchana mzima nikatoa askari kama kumi hivi, nikampelekea mwalimu mwenyewe. Akawazungushazungusha. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Akasema, "Mama, hawa ni wazuri, lakini naona ni mitungi yenye vichwa." Na kweli walikuwa mitungi yenye vichwa. Mkono wangu ukishika udongo unatafuta tumbo la chungu, nifanyeje? Akaona uso wangu ulivyobadilika, akaongeza haraka, "Wewe mama utatufanyia nchi. Ardhi yote, kilima, kingo za mto. Bila nchi hawana pa kusimama."

Nikapewa nchi nzima na sikufurahi.

Siku zilizofuata zilikuwa shubiri. Mwenzangu alikaa penye kivuli, mkeka umejaa majeshi, na uani kwetu hapakukauka watu. Waliokuja kununua vyungu waliishia kuchuchumaa mkekani. "Huyu amechoka," wanasema. "Huyu mwoga, mtazame." Mume wetu akawa anawahi kurudi kutoka bomani, anajiletea kigoda, anamweleza mwenzangu jinsi askari anavyozungusha kitambaa miguuni, jinsi anavyokaa mtu mwenye bunduki ya mzinga. Yeye huyo ambaye hajui udongo wangu unachimbwa upande gani wa mto. Hata zamu yangu ilipofika, siku za kula kwangu, alikula amegeuzia shingo mkekani, akauliza huku anatafuna, "Yule mpiga tarumbeta umemmaliza?" Na mchicha wangu alikuwa hajauonja hata chumvi.

Siku moja mwalimu alikuja kupanga askari kwa makundi. Nikaacha kilima changu nikamsogelea. "Na wapagazi?"

"Wapagazi gani, mama?"

"Waliobeba. Risasi zile zilifikaje darajani?"

Akatabasamu. "Hao hawakupigana, mama. Hii ni meza ya mapigano. Na nafasi yenyewe unaiona."

Nilirudi kwenye kilima changu. Nchi nilikuwa naifanya pana, napaona mahali penyewe, ukingo wa mto chini ya daraja, ambapo watu walimwona baba mara ya mwisho. Nilipasawazisha kwa gunzi tena na tena. Nikasema moyoni: askari wote hawa, wa watu nisiowajua, watasimama juu ya meza hii watoto wawajue. Na mtu wangu mmoja akose pa kuweka unyayo katika nchi niliyoifanya mwenyewe? Nilimtaka pale. Sikutaka kitu kingine, si sifa wala zawadi. Haya, sifa nilizitaka. Lakini baba nilimtaka zaidi.

Kabla sijajua nifanye nini, siku ya kuchoma askari ikafika. Kuni zimepangwa, magome yamekauka. Mwenzangu akaja jikoni kwangu, akapiga magoti kama siku aliyoletwa.

"Dada," akasema, "ulinifundisha mwenyewe kwamba kabla ya moto mtu atoe lililo moyoni."

"Sina neno."

"Kama lipo, dada, niambie, niombe radhi. Na kama halisemeki, basi..." Hakumaliza. Akawa anatazama chini, mara hiyo tu, yeye anayetazama watu usoni.

Yaani sharti langu, la mama yangu, la bibi yangu, mtoto wa Dindira ananirudishia mlangoni kwangu. Shukrani ya punda. Ningeweza kukaa. Ningeweza kusema sina neno mara ya pili, nikavuta kigoda karibu na moto. Lakini mimi ni mfinyanzi, na sharti ni sharti, na nilijua kifua changu kina nini. Nikafunga kitambaa changu nikadandia lori la Handeni nikaenda kwa mama. Njiani niliomba dua ambayo sitaitaja hapa, ila ilihusu shingo za askari.

Mama alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, anashika vitu kwa kupapasa. Nikamwamkia, nikamsimulia habari ya meza. Alicheka kusikia Mwingereza wa urefu wa kidole. Nilipomwambia ninataka kumfinyanga baba, aliacha kucheka.

"Utamchoma?"

"Asipochomwa hatadumu, mama."

"Mtu hachomwi," akasema. "Na yule hatujui alikolala. Usimtie moto kwa mikono yako mwenyewe."

Akainuka akapapasa uchagani, akatoa kipande cha kaniki kilichobaki siku alipoisokota ile ngata. Miaka yote hiyo alikuwa nacho. Akachana uzi mwembamba kwa meno akanipa. Nikakaa nje ya nyumba niliyozaliwa, nikafinyanga kwa udongo wa Kwedizinga. Baba alitoka mtungi wenye kichwa, sitadanganya. Kwa hiyo nilimpa mzigo mkubwa sana, ukamfunika uso, na chini ya mzigo nikaweka ngata ya kaniki, na kiunoni chungu kisichozidi punje ya mahindi. Chungu kile kilikuwa kizuri. Nilimkausha kivulini, nikamvingirisha kwa majani, nikarudi naye Korogwe amelala kifuani mwangu.

Nilipoingia uani, mwenzangu alinikimbilia. "Dada, hata mmoja hakupasuka." Alikuwa anafurahi, maskini, alidhani ananipa habari njema, kwamba moto umeshuhudia sina kinyongo naye. Nikawaangalia wamepangwa mkekani, wekundu, wakavu, ukiwagonga wanalia kama kikombe. Nilitamani angalau mmoja awe amekatika sikio.

Meza ilipangwa siku moja kabla ya maonyesho. Nchi yangu ilikuwa imekaa vizuri juu ya mbao, kilima, nyasi, na mto ambao mwalimu aliutandikia bati. Askari wakasimamishwa, Wajerumani huku, Waingereza kule. Walipomaliza nikafungua majani yangu, nikamweka baba ukingoni chini ya daraja.

"Huyu nani tena?" mwalimu akauliza. Akamwinua, akamkuna kwa ukucha. "Hajachomwa huyu, mama. Na hafanani na wenzake."

Kabla sijamjibu, mwenzangu akasema kwa upole, "Mwalimu, nchi ni ya dada. Yeye ndiye anajua nani akae wapi."

Mwalimu akamrudisha. Hivyo baba yangu alipata mahali, lakini alipata kwa ruhusa ya mke mwenzangu, na hilo nililimeza kama kidonge cha kwinini.

Siku ya maonyesho uwanja ulifurika. Kulikuwa na ng'ombe waliooshwa, mihogo mirefu kama miguu ya mtu, kamba za mkonge, maharage ya milimani yamepangwa kwa rangi. Lakini watu walisongamana penye meza. Mwalimu akaja na ndoo akamimina maji mtoni, watoto wakapiga kelele za furaha, maana mto ulikuwa mto kweli. Bwana Shauri akainama, mikono nyuma, akatazama uso wa askari mmoja baada ya mwingine, akauliza nani amefanya kazi hii. Mume wetu akajitokeza, kidevu juu, kama alivyokuwa kwenye udongo.

"Ni mke wangu, Bwana," akasema.

Hakusema mke wangu mdogo. Hakusema mmoja wa wake zangu. Mke wangu, na mimi nimesimama pale nyuma yake, nimevaa ile doti aliyoniletea. Mwenzangu akapewa blanketi jipya, watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga pia, maana ukikataa kupiga ndiyo watu wanajua.

Walipotawanyika kidogo nikapenya nimwone baba. Bati la mwalimu lilikuwa linavuja. Maji yalikuwa yameingia katika ukingo wangu, na ukingo umelowa, na baba alikuwa ameketi majini. Miguu haikuwepo tena. Mzigo umemwangukia usoni, chungu kimeyeyuka, na uzi wa kaniki ulikuwa unaelea polepole kwenda darajani. Askari wa mwenzangu walisimama kando yake, maji mpaka magotini, wamependeza kuliko walipokuwa wakavu. Mtoto mmoja akanyoosha kidole akamwuliza mama yake kile ni nini. Mama yake akamwambia, "Ni tope tu, usiguse."

Niliondoka. Njiani nilijiambia kwamba kwa desturi yetu hivyo ndivyo inavyotakiwa, mtu wa udongo arudi majini. Haikunisaidia kitu. Baba yangu nilikuwa nimempoteza bila kumwona, sasa nimempoteza na macho yangu yanaona, mahali pale pale.

Tangu siku hiyo sikumfundisha tena mwenzangu, wala yeye hakuomba. Tulisalimiana, tulipika kwa zamu, tulifua. Blanketi lile alitaka tulitumie wote, nikamwambia mimi sina baridi, baridi ni ya watu wa Dindira. Mara kwa mara nilimkuta amekaa na donge la udongo mapajani, ananitazama nikichambua mboga au nikisuka ukili, na nikigeuka analifunika. Nikawa najiambia: anatafuta nini tena kwangu, kimebaki nini cha kuchukua?

Kisha shule ikaniagiza mitungi ya maji kwa ajili ya wanafunzi. Mitungi, kazi ya mkono wangu, mwalimu alikuwa na akili kidogo. Niliipeleka mwenyewe, na nilipokwisha kuipanga nikaona mlango wa chumba cha makumbusho uko wazi. Nikaingia. Nitasema ukweli nilichofuata: nilifuata nyufa. Nilitaka nione jeshi lile limeanza kupauka, limeanza kumeguka vidole. Mto ulikuwa mkavu siku hizo, vumbi juu ya kilima changu. Nikatazama Wajerumani, wazima. Nikatazama Waingereza, wazima.

Chini ya daraja, ukingoni, alikuwa amesimama mtu.

Alikuwa mwekundu kama wao, amechomwa. Mzigo kichwani, lakini si mkubwa, umewekwa nyuma kidogo ili uso uonekane. Chini ya mzigo ngata ya kaniki, na niliijua, ule uzi wangu, uliookotwa majini ukakaushwa. Kiunoni chungu chenye masikio mawili, kimekaa upande kidogo. Na uso. Niliinama kama Bwana Shauri alivyoinama. Ilikuwa pua yangu, na hili paji langu pana, na mdomo wangu huu wa chini ambao mama husema ni wa kununa hata nikilala. Mwenzangu hakuwahi kumwona baba yangu. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona. Ila miezi yote ile, nilipokuwa nafuatilia mikono yake kwa kijiba cha roho, yeye alikuwa ananitazama uso.

Nililia pale, sioni aibu kusema. Nililia kwa kuwa baba amesimama. Na nililia pia kwa kuwa hata yeye, mtu wangu mmoja, aliyemsimamisha si mimi.

Nilimkuta barazani anapepeta choroko. Sikumsalimia.

"Miguu umeikosea," nikamwambia.

Hakuuliza miguu ya nani. Akashusha ungo. "Ilikuwaje, dada?"

Nikafungua kinywa nimweleze, na hapo nikaona kwamba sijui. Nilikuwa mgongoni mwa mama, na mama hakuniambia habari za miguu, na sasa hata macho yake yamekwisha. Mwenzangu akawa anangoja. Nikakaa mkekani mbele yake, nikainua kanga kidogo, nikamnyooshea mguu wangu mmoja ulivyo, na vumbi la njia ya shuleni, na kisigino kilichopasuka. Akausogelea, akaanza kuutazama kutoka kisiginoni kwenda juu, taratibu, bila kupepesa. Na mimi nikamtazama anavyotazama, na wivu ukaniuma vile vile, nikauacha mguu pale mpaka alipomaliza.